Kibanio cha Mwisho Kambani

Verna Stukely alifika kwa Lorraine Ijumaa mchana akiwa na sanduku la nguo, mpira wa maji wa kijani umezungushwa begani, na saa kubwa ya kiume mkononi. Lorraine Detweiler, mwenye nyumba, alimfungulia mlango wa wavu akamkagua kuanzia juu mpaka chini.

"We Verna, nyumba yangu imekosa mpira wa maji?"

"Unao. Ila si wa Clifton."

"Haya pita, ndugu yangu. Mradi hujaniletea na nyasi zake."

Walicheka, wakakumbatiana, na Lorraine hakumwachia haraka, maana mara ya mwisho walipoonana ilikuwa mwezi Machi, kwenye mazishi ya huyo Clifton, mumewe Verna.

Kila Julai, miaka hiyo ya mwanzo wa tisini, watu wa Lojban walijazana kwenye nyumba hiyo ya Virginia mpaka Jumapili jioni. Walilala kwenye makochi, walilala kwenye mazulia, mmoja alilala ndani ya beseni la kuogea na mto wake, na asubuhi walipanga foleni ya choo huku wakibishana. Lojban ni lugha iliyotungwa makusudi, na watu wenye kazi zao za kawaida, ili kila sentensi iwe na muundo mmoja tu na isizue utata. Walioijua kweli wangeenea kwenye kibaraza cha Lorraine na viti vikabaki. Majirani waliwaona wehu wapole, wakawaazima majiko ya kuchomea nyama.

Verna alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hajawahi kuomba radhi kwa kuwa sahihi. Yeye na Clifton ndio walioandika sehemu ya lugha inayohusu nyakati, na sehemu hiyo ndiyo iliyomleta mwaka huu na uso wa mtu anayekwenda mahakamani akijua atashinda. Jumapili jioni sarufi ingefungwa. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, hakuna neno ambalo lingeongezwa wala kuondolewa. Na kulikuwa na mtu aliyetaka maneno ya Clifton yaondolewe kabla kufuli halijabanwa.

Saa kumi na moja jioni, Verna akiwa bado anapanga nguo zake, ile saa ya mkononi ikaanza kulia, pi-pi, pi-pi, kwa ukaidi.

"Bado inalia?" Lorraine akauliza, akiwa mlangoni na mashuka.

"Bado." Clifton aliitegesha kumkumbusha vidonge vyake vya presha.

"Nikuzimie?"

"Usiiguse."

Mtu aliyetaka kufyeka aliitwa Tobin Marsh. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu nyekundu na kaptura ya misimu yote, na ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya kuchambua sentensi za Lojban. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Verna zaidi. Mtu mbaya unamjua pa kumkamatia. Tobin alijifunza lugha kwa Clifton, kwenye nyasi, juu ya mpira ule ule wa kijani, na kwenye mazishi alilia mpaka akatolewa nje.

Ijumaa hiyo, soseji zilipokwisha, alisimama kibarazani akashika chai yake ya barafu.

"Nawapenda wote," alisema, "na Clifton nilimpenda kuliko mnavyodhani. Lakini jamani, tuseme ukweli. Watu wapya wanakuja, wiki ya kwanza wanauliza maswali, wiki ya pili wanakutana na haya maneno ya umbo la tendo, wiki ya tatu hawapo. Pu kwa yaliyopita, ca kwa ya sasa, ba kwa yajayo. Zinatosha. Haya mengine tunayabeba tu, hakuna anayeyatumia."

"Hakuna anayeyatumia, nani kakwambia?" Verna akauliza.

"Masikio yangu."

"Basi kayasafishe."

Kibaraza kikaangua kicheko, na Tobin naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa.

Mswahili akisikia ugomvi huu anaweza kushangaa. Sisi kitenzi bila li, na, ta au me ni shida kukitoa mdomoni. Lojban haikulazimishi. Unaweza kusema mtu na kula, ukaishia hapo, na kama ni jana au kesho atajua anayejua. Ukitaka kutaja wakati, taja. Na ukitaka kusema tendo lenyewe limefika wapi, yaani limeanza, limekatizwa, limekwisha, hapo ndipo yalipoingia maneno ya Clifton.

Clifton hakuyafundisha kwa ubao. Alitandaza mpira wa maji kwenye nyasi, akawaambia wanafunzi wavue viatu. Mpira ndio tendo, tuseme ni kula. Simama kabla hujaukanyaga, mate yanakutoka: pu'o. Kanyaga ncha: co'a, umeanza. Tembea juu yake: ca'o, unaendelea, na hiyo c wao huitamka sh, na kile kialama cha katikati hukipumua kama h, kwa hiyo ukisikia shaho ndiyo hiyo. Ruka pembeni kabla ya mwisho: co'u, umeacha na chakula kimebaki. Fika ncha ya pili: mo'u, sahani nyeupe. Pita, kaa na kijiti cha meno: ba'o. Na yule aliyefika mwisho wa mpira lakini miguu yake haijasikia habari, anakanyaga nyasi tupu na kudhani bado yuko juu ya mpira? Huyo ni za'o. Zaho.

Hilo la mwisho ndilo alilolipenda kuliko yote. Alilipata asubuhi moja jirani yao alipokuja kunywa kahawa baada ya staftahi, kahawa ikaisha, habari zikaisha, keki ikaisha, na jirani akabaki amekaa mpaka wakati wa chakula cha mchana. Mlango ulipofungwa nyuma yake Clifton aliruka kama mtoto. "Verna! Hili lazima tulipe neno!" Wakalipa neno, na Verna alikumbuka hata rangi ya shati alilovaa.

"Sikiliza pendekezo langu," Tobin alisema. "Haki bin haki. Kesho na kesho kutwa tutakuwa na masaa yetu ya Lojban tupu kama kawaida. Neno litakalotumika kwenye mazungumzo ya kweli, libaki. Ambalo hakuna atakayelitumia mpaka chakula cha jioni Jumapili, tulizike."

"Mazungumzo ya kweli maana yake nini?"

"Si mfano, si zoezi, si kumsaidia mtu. Unalisema kwa sababu unalihitaji. Na wewe Verna hutahesabika, samahani, maana wewe ukitaka utayasema yote ukiwa usingizini."

"Na wewe utahesabika?"

"Mimi? Nahesabika, kwa nini nisihesabike? Ila usijichoshe kunisubiri."

"Nimekubali," Verna alisema, kabla hata wenzake hawajameza mate. "Lete hayo maneno. Yatatumika yote."

Lorraine alileta vibanio vya mbao vya nguo, wakaandika kila neno kwenye kibanio chake, wakavibana kwenye kamba iliyokatiza kibaraza. Neno likitumika, kibanio kingeng'olewa na kutiwa kwenye bakuli la saladi. Harlan Voss, karani mstaafu wa mahakama, mzee aliyefunga tai hata akichoma nyama, akateuliwa kuwa hakimu.

Masaa ya Lojban tupu yalianza Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Desturi yao ilikuwa hivi: atakayeteleza akasema Kiingereza anavikwa kofia ya mkeka yenye bata wa plastiki juu yake, na atakaa nayo mpaka ateleze mwingine. Verna hakuwahi kuivaa tangu mikutano ianze. Clifton aliivaa kila mwaka, na kuna watu waliosema alikuwa anateleza makusudi.

Vibanio vilianza kushuka mapema. Jirani aliwasha mashine yake ya kukatia nyasi katikati ya maneno ya Lorraine, na Lorraine akatukana kwa Lojban kwamba ameanza, co'a hiyo, na Harlan akang'oa kibanio kwa heshima zote. Mvua ikanyesha juu ya jiko, moto ukasinzia, mvua ikakatika, moto ukaamka, na mabishano ya kama nyama imesimama kuiva au imeendelea yakaangusha viwili kwa mpigo. Mtu aliyelala kwenye beseni akaulizwa kama amemaliza kuoga. Akajibu hajamaliza, ameacha tu, maji yamepoa. Co'u ikashuka, kibaraza kikapiga makofi. Tobin alishangilia kila kibanio kama wengine, lakini kila kimoja kilipoingia bakulini alikuna ndevu.

"Unaumwa, mwanangu?" Verna alimuuliza, kwa Lojban safi.

"Siumwi. Nahesabu vilivyobaki."

Saa kumi na moja ilipopiga siku hiyo Verna alikuwa dukani kununua barafu, na saa ya Clifton ikalia kwenye friji za watu. Aliporudi alikuta kamba karibu tupu. Kimebaki kibanio kimoja tu, katikati, peke yake: za'o.

Hakuogopa. Alikaa akala mahindi yake akiamini kwamba dunia imejaa watu wasiojua kuondoka na vitu visivyojua kukoma, na kwamba katika nyumba yenye watu wabishi namna hii neno hilo haliwezi kukosa kazi siku nzima. Alilala vizuri.

Jumapili asubuhi, Kiingereza kikiwa bado halali, Lorraine alimvuta jikoni akafunga mlango.

"Nina jambo la kukwambia, na usinipigie kelele. Jana lile neno lilinifika mdomoni mara mbili."

"Likaenda wapi?"

"Nililimeza."

"Ulilimeza? Lorraine!"

"Sasa ningefanyaje? Nilitaka kusema kuhusu yule bwana wa nyasi, nyasi zimeshakwisha yeye bado anazunguka na mashine. Nikajiuliza, hivi nasema kwa sababu nataka kusema, au nasema kwa sababu nakuonea huruma? Sikuwa na uhakika. Sheria ni sheria. Nikameza. Na si mimi peke yangu, nimewauliza. Kila mtu analimeza."

Verna aliweka kikombe chini. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Hapa duniani kuna watu wa kila namna, lakini ni hawa tu wanaoweza kumpenda mjane mpaka wakamzikia neno la mumewe kwa uaminifu. Alitaka kucheka na kurusha sahani kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu kichwa chake cha hesabu kilikuwa kimeshaanza kazi. Kama kila anayemhurumia atameza, basi neno linaweza kutoka tu kwa mtu asiyetaka kumsaidia. Na mtu huyo alikuwa mmoja.

"Basi itakuwa Tobin," alisema.

"Tobin? We Verna, umepata homa?"

"Itakuwa Tobin. Mimi nimekatazwa kulisema. Sijakatazwa kumpa sababu."

Mchana, Lojban tupu ilipoanza tena, Verna aliweka ndoo chini ya bomba la uani, akalifungulia, akakaa kwenye kiti karibu na njia ambayo Tobin lazima angepita kufuata mkaa. Ndoo ikajaa. Ikafurika. Maji yakaanza kumiminikia viatu vya Verna, naye akayatazama mawingu. Tobin akaja, akasimama. Akaitazama ndoo iliyokwisha kujaa na bomba lisilokuwa na habari. Mdomo wake ukafunguka kabisa, na Verna akaliona neno likichungulia. Kisha macho yake yakahamia kwenye viatu vilivyolowa, yakapanda mpaka usoni kwa mwenye viatu, mdomo ukafungwa, na mkono ukafunga bomba.

"Miguu yako imelowa," alisema Tobin, bila kutaja wakati wowote.

"Naona."

Verna akatumia birika. Aliliweka jikoni ambako Tobin alikuwa akikata viazi, likachemka, likapiga filimbi, likaendelea kupiga filimbi mpaka nyumba nzima ikaziba masikio. Tobin alikata viazi vyote. Kisha akazima jiko, akachukua kitambaa, akafuta mikono, akampungia Verna kidole kama mwalimu anavyompungia mtoto mtundu. Harlan, aliyekuja mbio akiuliza kwa Kiingereza kama nyumba inaungua, akavikwa kofia ya bata.

Verna alijaribu na taa ya kibarazani, aliyoiwasha juani. Tobin aliizima akipita, hata hakugeuka. Harlan, aliyechoshwa na joto, akaitundika kofia kwenye ukingo wa kibaraza akidai hakimu hawezi kuchoma nyama na bata kichwani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye.

Jua lilianza kulegea. Nyenze walikuwa wakipiga kelele mitini. Watu wote walikuwa uani kwenye moshi wa nyama, na kibarazani wakabaki Verna na Tobin, wakimenya mahindi kwa ajili ya chakula cha jioni, chakula ambacho kikishatengwa habari ya neno imekwisha. Juu yao kilining'inia kibanio kimoja. Hapakuwa na mtego uliobaki. Verna alimenya hindi, akatupa maganda kwenye ndoo, akachukua jingine, na bado aliamini, ingawa sasa hakujua anaamini nini hasa.

Hapo saa ikalia. Pi-pi, pi-pi.

Verna alisahau kwamba ingelia. Ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu Machi: husahau mpaka ilie, na ikilia humfanya aanze kuinuka akalete maji ya vidonge. Siku hiyo pia magoti yalitangulia. Akajikuta amesimama nusu, hindi mkononi, akaketi tena.

Tobin hakuinua kichwa. Alikuwa ameisikia saa hiyo majira mengi ya joto, kwenye nyasi, katikati ya masomo, na kila ilipolia Clifton alinyoosha mkono bila kutazama na Verna alikuwa ameshafika na glasi. Alitazama hindi lake kama halioni. Kisha akasema, kwa Lojban, polepole, sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba saa inamwita Clifton. Na mbele ya neno la kuita akaweka za'o.

"Umesikia ulichosema?" Verna akauliza.

Kwa Kiingereza. Kilimtoka chote, wazi, cha nyumbani kwao. Wakatazamana. Verna akanyoosha mkono kwenye ukingo wa kibaraza, akachukua kofia ya bata, akajivika.

Tobin akatazama kamba, akatazama saa iliyokuwa bado inalia, akaelewa.

"Na hii umenitegea?"

"Hii sikuitega, Tobin. Ndoo niliitega. Birika nililitega. Hii hata mimi hunikuta."

Saa ikanyamaza yenyewe. Huko uani Harlan alikuwa amewapa mgongo, akipepea makaa kwa tai yake. Hakuna aliyesikia ila Verna, na Verna alikuwa hahesabiki. Walikubaliana hivyo mbele ya watu wote na yeye ndiye aliyekubali wa kwanza. Tobin alijua. Akachukua hindi, akalimenya. Akachukua jingine. Verna alitaka kusema mengi na aliyabana yote kifuani. Kama angemwomba, Tobin angelitoa neno kwa huruma, na lingekuwa si neno tena. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa aliogopa, na aliogopa sana.

Tobin akapangusa nyuzi za mahindi kwenye kaptura. Akainuka, akang'oa kibanio kambani, akashuka ngazi mpaka kwenye jiko. Verna alimfuata kwa nyuma, bata akitikisika kichwani.

"Hakimu," Tobin alisema, "limetumika."

Harlan akageuka. "Nani kasikia?"

"Mimi. Nimelisema mwenyewe."

Mtu mmoja akasahau soseji kwenye uma.

"Wewe?" Harlan alirekebisha tai. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi na hakuwa tayari kuacha swali lake kwa ajili ya mapenzi. "Ulikuwa unamsaidia Verna?"

"Nilikuwa namkumbuka Clifton," Tobin alisema. "Saa yake imelia. Nilitaka kusema ilichokuwa inafanya, na sikuwa na neno jingine."

Harlan alikichukua kibanio, akakisoma, akatembea nacho mpaka kibarazani na kukidondosha kwenye bakuli la saladi. Hapo ndipo kelele zilipolipuka, na Lorraine, aliyemeza neno hilo siku mbili, akalipiga yowe kwa sauti ya kuwaamsha majirani, mara tatu, kwa raha ya kulisema tu. Tobin aliachwa amesimama kando ya jiko, machozi yakiingia kwenye ndevu. Verna akamwendea.

"Umeshindwa vizuri," alimwambia.

"Watu wapya wataendelea kukimbia, Verna."

"Atakayebaki atakuwa na cha kusema siku akikihitaji. Wewe ulibaki."

Tobin akacheka huku anafuta pua. Kisha akauliza kitu ambacho watu wengine wangekipitia mbali, lakini hawa hawakuwa watu wengine, na hakukiuliza kwa ubaya.

"Na wewe? Wewe na Clifton. Ni za'o pia?"

Mpira wa kijani ulikuwa umelala kwenye nyasi pale alipoutandaza Jumamosi. Verna aliuendea, akavua viatu vyake vilivyolowa, akasimama kwanza kwenye nyasi tupu ng'ambo ya ncha ya mwisho, akaitazama miguu yake. Alisimama hapo kidogo, kama mtu anayejaribu kiti dukani, kisha akatikisa kichwa na bata akatikisika naye. Akageuka, akakanyaga mpira, akarudi juu yake hatua kwa hatua, akapita robo, akafika katikati kabisa, akasimama akanyoosha mgongo.

"Iliyopitiliza ni saa," alisema. "Mimi nampenda mume wangu, na niko hapa."

Akataja jina la mahali alipokuwa amesimama, kwa sauti ya darasani, ili hata walio mbali wasikie.

"Ca'o."